Siyo Zilipendwa: Ubishi wa Northern Soul

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo tunaingia kwenye ubishi ambao mashabiki wa santuri Uingereza wamekuwa nao zaidi ya miaka 50, na bado wakikutana wanauanza upya. Northern soul ni nini? Kaka Hamisi, nakubana mapema. Nipe jibu la sentensi moja.

HAMISI: Soul ya Wamarekani weusi, ya katikati ya miaka ya sitini, ya mwendo wa haraka kwa mtindo wa Motown, ile lebo kubwa ya Detroit, iliyotoka kwenye lebo ndogo na haikuuza. Nukta.

ZUHURA: Nukta umeiweka mapema mno, bwana. Tuanze na jina lenyewe. Halikuzaliwa Detroit wala Chicago. Lilizaliwa kaunta. Dave Godin alikuwa na duka la santuri London, eneo la Covent Garden, likiitwa Soul City. Mashabiki wa mpira kutoka miji ya kaskazini walikuwa wakishuka London kufuata timu zao, na kabla ya kurudi wanapita dukani. London wakati huo watu wameshahamia kwenye mtindo mpya, funk. Hawa wa kaskazini hawaitaki hata kuisikia, wanataka zile za haraka za miaka mitatu minne nyuma. Godin akawaambia wauzaji wake kwamba mteja akiwa wa kaskazini, msimpotezee muda na mzigo mpya, mpeni zile za northern soul. Mwaka 1970 akaliandika jina hilo kwenye safu yake katika jarida la Blues & Soul, naye alikwenda kujionea mwenyewe klabu ya Twisted Wheel, Manchester.

HAMISI: Kwa hiyo "kaskazini" ni kwao mnunuzi.

ZUHURA: Mwimbaji hahusiki kabisa. Hakuna mtu aliyeingia studio mwaka 1966 akasema leo narekodi northern soul. Halafu tusikosee kuziita zilipendwa. Zilipendwa ni nyimbo zilizopendwa enzi zake, ukizisikia leo unakumbuka. Hizi enzi zake zilidoda. Lebo ndogo haina pesa ya kusukuma wimbo redioni, santuri chache zinachapwa, zinabaki ghalani, kisha kijana wa Lancashire, huko kaskazini, anaiokota miaka saba baadaye na kuifanya wimbo wa taifa.

HAMISI: Jina nimekuachia. Lakini mteja wa Godin hakuwa anaomba chochote tu. Alikuwa na mdundo sikioni, na mdundo unapimika. Chukua saa, gonga mguu na wimbo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ngoma za kukanyaga, zile ambazo wenyewe wanaziita stompa, mara nyingi zinaangukia kati ya 120 na 140 kwa dakika. Ukipata 60 na kitu, umehesabu nusu, rudia. Halafu sikiliza sneya, ile ngoma ya mlio mkali. Kwenye soul ya kawaida inapiga pigo la pili na la nne. Kwenye nyimbo nyingi za Motown za 1965, na kwa waliowaiga, sneya inapiga mapigo yote manne, na juu yake kuna tari inayotikiswa bila kupumzika. Hapo mguu hauna pa kujificha.

ZUHURA: Kipimo kizuri, na kinaeleza kwa nini wanacheza vile. Mdundo wa namna hiyo hauhitaji mwenza wala kiuno, unahitaji miguu inayoteleza kulia na kushoto. Ndiyo maana ya soli za ngozi na ile poda ya watoto inayomwagwa sakafuni. Ukija na viatu vya raba, mwili unageuka, kiatu kinabaki pale pale, goti ndilo linalolipa. Na wimbo unapofika mahali ambapo mwimbaji ananyamaza na ngoma zinabaki peke yake, hapo ndipo mchezaji anazunguka kama pia, au anajirusha kinyumenyume, anatua kwa mikono na kuinuka kabla sauti haijarudi. Wimbo usio na mapengo hayo, hata uwe na kasi vipi, unampa mchezaji nafasi ndogo ya kuonyesha alichonacho.

HAMISI: Basi tumekubaliana. Kasi, sneya nne, tari, mapengo.

ZUHURA: Hatujakubaliana hata kidogo. Twende Wigan Casino, klabu ya kaskazini, kwenye mkesha wa dansi ulioanza Septemba 1973 na kufungwa Desemba 1981. Watu wanaingia saa nane usiku, wanatoka saa mbili asubuhi, na baa haina pombe. Nyimbo za kufungia zilikuwa tatu, na kila shabiki anazijua kama dua: Time Will Pass You By ya Tobi Legend, Long After Tonight Is All Over ya Jimmy Radcliffe, na I'm on My Way ya Dean Parrish. Mchukue huyo Radcliffe, mpime na saa yako.

HAMISI: Hapiti. Ni wimbo wa kuyumba taratibu.

ZUHURA: Na Uingereza uliwahi kuingia kwenye chati mwaka 1965, ingawa kule chini. Kwa hiyo hata sharti lako la kutouza limechubuka. Sasa Dean Parrish. Huyu ni mzungu wa Brooklyn mwenye asili ya Italia. Wimbo wa mwisho wa mkesha mkubwa kuliko yote umeimbwa na mzungu.

HAMISI: Anaimba kama Mwafrika-Marekani, dada. Soul ni namna ya kuimba.

ZUHURA: Sawa, tumetoka kwenye rangi tumeingia kwenye koo. Muriel Day, mwimbaji wa Ireland ya Kaskazini, ana Nine Times Out of Ten. Helen Shapiro wa London ana Stop and You Will Become Aware. Zote zimechezwa kwenye mikesha na watu wakafurika sakafuni. Hao nao?

HAMISI: Hapo nasimama. Ni pop yenye ngoma nzuri. Kuchezwa kwenye mkesha hakufanyi kitu kuwa soul, kama vile maji kutiwa kwenye chupa ya soda hayawi soda.

ZUHURA: Ni hoja ya haki, na ndipo mashabiki wanapogawanyika. Upande mmoja unasema jina lina maneno mawili, na neno soul lazima litimie kwanza. Upande mwingine, na mimi nimo, unasema sakafu ndiyo hakimu. Dijei anaweka, watu wanakuja au wanaondoka. Jina lilitokana na wachezaji, kwa hiyo wachezaji ndio wenye kauli.

HAMISI: Sakafu nayo ina makosa yake. Mwaka 1975 kuna Footsee, iliyotoka kwa jina la Wigan's Chosen Few. Wamechukua kipande cha upande wa pili wa santuri ya Kanada, wakakiongezea kasi, wakatia kelele za mashabiki wa mpira, kikapanda hadi nafasi ya 9 Uingereza. Wachezaji wakapelekwa televisheni. Wenye mkesha wenyewe waliona aibu. Kwa kanuni yako ya sakafu, hiyo ni northern soul.

ZUHURA: Ilichezwa, ndiyo. Ilidumu? Mimi natofautisha wimbo uliowahi kujaza sakafu na wimbo unaoijaza tena miaka 30 baadaye bila msaada wa televisheni. Footsee imeanguka kwenye mtihani wa pili.

HAMISI: Ahaa, sasa hakimu wako ana mahakama ya rufaa!

ZUHURA: Anayo. Na kesi kubwa kuliko zote ni Blackpool Mecca, klabu nyingine ya kaskazini. Ukumbi unaitwa Highland Room, madijei ni Ian Levine na Colin Curtis. Kufika katikati ya miaka ya sabini, Levine anaona hazina ya sitini inakaribia kukauka, anaanza kupiga santuri mpya. Mfano wenyewe ni It Really Hurts Me Girl ya The Carstairs, ya 1973. Isikilize besi: haikanyagi, inatembea. Ngoma imelegea, ina harufu ya disko. Wigan wakabaki na stompa za sitini. Watu walitengeneza hadi bango la kumtaka Levine aondoke.

HAMISI: Na mimi ningelibeba. Lakini kwa haki, tawi lile lilipata jina lake baadaye, modern soul, na wapo wanaopenda hilo tu. Halafu katikati kuna lile wanaloliita crossover, nyimbo za mwisho wa sitini na mwanzo wa sabini ambazo mwendo umepoa, sauti bado ni ya sitini. Nayo miaka ya themanini kule mji wa Stafford madijei walirudi kuchimba sitini zisizojulikana, zikiwemo za polepole. Kwa hiyo ukiona tangazo la mauzo limeandikwa "northern", uliza ni tawi gani. Wauzaji wanalibandika neno hilo kwenye kila kitu chenye tari, kwa sababu bei inapanda hapo hapo.

ZUHURA: Tuzungumze bei, maana hapa ubishi unaingia mfukoni. Do I Love You ya Frank Wilson, ya 1965, chini ya Motown. Wilson akaamua kuwa mtayarishaji badala ya mwimbaji, santuri za majaribio karibu zote zikaharibiwa. Nakala moja iliuzwa pauni 25,742 mwaka 2009, na mwaka 2020 ikafika pauni 100,000. Zamani ilizunguka ikiwa imechapwa upya kwa jina la uongo la Eddie Foster.

HAMISI: Hiyo ya majina ya uongo ilikuwa silaha ya madijei. Unabandika karatasi juu ya lebo, unabuni jina la msanii, ili mpinzani asijue cha kutafuta. Kuna wakusanyaji walitafuta kwa miaka mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Na ndiyo iliyozaa ile kanuni ngumu kwamba kwenye mkesha wa heshima inapigwa santuri ya asili tu. Nakala ya wizi au iliyochapwa upya, hata wimbo ni ule ule, dijei anazomewa.

ZUHURA: Msikilizaji anayenunua ajihadhari vipi?

HAMISI: Anza na malighafi. Santuri nyingi za Marekani za inchi 7 wakati ule hazikuwa vinili, zilikuwa stairini, plastiki ngumu zaidi. Igonge ukingoni kwa ukucha. Vinili inatoa mlio mzito, stairini inalia kama sahani. Angalia lebo. Kwenye vinili karatasi imekandamizwa pamoja na santuri yenyewe, kwenye stairini imegundishwa juu, na pengine pembe imeanza kunyanyuka. Usiikunje kupima, stairini inavunjika. Ukishajua wimbo ulichapwa kwa stairini tu, halafu mtu anakuletea vinili, umeshamkamata.

ZUHURA: Ila angalizo hapo. Lebo moja ingeweza kutumia viwanda viwili au vitatu, kimoja vinili na kingine stairini, na zote zikawa za asili. Kwa hiyo usimwite mtu tapeli kabla hujajua wimbo huo ulichapwa wapi.

HAMISI: Kweli. Ndipo unasoma ile sehemu tupu kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Inamishe kwenye taa. Utaona namba iliyokwaruzwa kwa mkono au kugongwa kwa muhuri. Zilizochapwa na kiwanda cha Monarch, Los Angeles, zina pembetatu ndogo ikifuatwa na namba. Linganisha na picha ya nakala ambayo haina ubishi: sura ya tarakimu, nafasi kati yake, kila kitu. Lebo ya wizi mara nyingi imepigwa picha kutoka lebo nyingine, kwa hiyo herufi ndogo zimevimba kingo.

ZUHURA: Na stairini ikishakuwa yako, usiirudishe nyuma na mbele chini ya sindano kutafuta mwanzo wa wimbo. Vinili inavumilia kidogo. Stairini inachimbika, na kuanzia hapo kila ukiipiga unasikia upepo, shhh, kabla ngoma haijaingia. Ndiyo maana nakala nyingi za madijei zina sekunde chache za mwanzo zilizoungua na sehemu nyingine yote safi. Muuzaji anasema safi, naye hadanganyi sana. Mwambie akurekodie sekunde kumi za mwanzo.

HAMISI: Jambo la mwisho la kiufundi: tundu. Za Marekani zina tundu kubwa la karibu milimita 38, mashine ya nyumbani ina kijiti chembamba. Adapta iliyolegea inaifanya santuri iyumbe, sauti inapanda na kushuka, halafu unamlaumu mwimbaji kwamba hana pumzi.

ZUHURA: Nikurudishe kwenye sentensi yako ya mwanzo. Bado unaishikilia?

HAMISI: Nimeondoa "haikuuza" na "haraka". Kwa Parrish nimelegea. Shapiro simpokei.

ZUHURA: Na Tainted Love ya Gloria Jones, ya 1965? Kasi ipo, sneya ipo, haikuuza, hadi dijei Richard Searling alipoileta Uingereza mwaka 1973 na kuipiga.

HAMISI: Hiyo hata usiulize, imekamilika.

ZUHURA: Ilikuwa upande wa pili wa santuri. Lebo ilitaka uuzwe upande mwingine, My Bad Boy's Comin' Home. Hebu tuambie wanaopekua maboksi wafanye nini.

HAMISI: Wageuze. Kila santuri, hata kama upande wa kwanza unajulikana. Hata kama muuzaji amekunja uso.