Wolai wa maji baridi: niambie kwanza umefunga mshipi gani

SELE: Karibuni tena ndugu zangu, leo tuko jikoni kwa Mama Imani hapa kaskazini mwa Ohio, nje upepo unatoka ziwani na unavuma kweli kweli mkisikia dirisha linagonga ndo huo. Mimi ni Sele wa Mwanza, na huyu ni dada yangu wa Kigoma mnamjua. Dada, shikamoo.

MAMA IMANI: Marahaba mdogo wangu. Karibuni wote.

SELE: Leo ni wolai, na hasa kumrambaza, yaani kuvuta samaki bandia nyuma ya boti inayotembea taratibu, kwenye maji baridi, Novemba hii. Kwa wageni, wolai ndo yule samaki wa Ziwa Erie ambaye ukimmulika tochi usiku macho yanakurudishia mwanga, kama umeshawahi kumuona sangara usiku kule kwetu basi umeshanielewa. Sasa watu wameandika wengi wiki hii na swali lao karibu ni moja tu, dada ninunue samaki bandia gani?

MAMA IMANI: Na mimi nawajibu wote hivi, kabla hujaniuliza samaki bandia niambie umefunga mshipi gani, yaani uzi gani wa kuvulia. Kwa sababu mtu anakuja ana boksi limejaa, ana Husky Jerk, ana Bandit, ana Reef Runner, rangi zote za dunia, afu ukimuuliza saa hizi samaki wako bandia anatembea futi ngapi chini hajui. Hajui! Anabadilisha rangi usiku mzima wakati tatizo ni kwamba anapitisha chambo chini ya samaki. Na wolai macho yake yamekaa ya kutazama juu, kitu kikipita juu yake kidogo anakifata, kikipita chini yake hana habari nacho.

SELE: Hapo tusimame kidogo, mshipi unahusikaje na kina?

MAMA IMANI: Unahusika sana. Angalia, huyu samaki bandia wa kuzama ana ule ulimi wa plastiki mbele, ukimvuta maji yanaupiga ulimi anainamisha kichwa anaenda chini. Lakini anavuta na mshipi nyuma yake, na mshipi ukiwa mnene maji yanaukamata yanamzuia kushuka. Nailoni ya kawaida ya paundi 10, yaani uzito inaostahimili kabla haijakatika, unene wake ni kama milimita 0.30. Bredi, yaani ule uzi wa kusuka, ya paundi hizo hizo 10 ni kama 0.15, nusu yake. Kwa hiyo samaki yule yule, futi zile zile 100 nyuma ya boti, kwenye bredi anashuka zaidi. Sasa zile jedwali za kina wanazotumia watu huku, nyingi zimepimwa kwa nailoni ya paundi 10. We umefunga bredi unasoma jedwali ya nailoni, umeshapotea kabla hujatoka bandarini.

SELE: Na rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ile ya kuhesabu futi nayo?

MAMA IMANI: Ehe, hiyo nzuri. Ile rili haihesabu futi kweli kweli, inahesabu mizunguko ya gurudumu. Gurudumu likiwa limejaa mshipi mzunguko mmoja unatoa mwingi, likiwa limebaki nusu mzunguko ule ule unatoa kidogo. Sasa una rili mbili, moja imejaa, nyingine mwaka jana ulikata kata mafundo hujaongeza, zote zinasoma 100 lakini sio 100 moja. Upande mmoja wa boti unapata, upande mwingine kimya, we unasema ni rangi. Sio rangi! Jaza rili zote sawasawa, mshipi wa aina moja, unene mmoja, ndo uanze kulinganisha.

SELE: Mimi nisimulie yangu ya mwaka jana maana nayo ni ya mshipi. Tulitoka usiku hapa karibu na mji wa Huron, maji yalikuwa digrii 44 za Farenhaiti, hiyo ni kama 7 za Selsiasi, hewa yenyewe chini ya sifuri, na mimi nilikuwa nimefunga bredi tupu kwenye fimbo zote kwa sababu kiangazi ilinifanyia kazi vizuri. Baada ya saa moja hivi nikiivuta ndani inakuja na maji, maji yanaganda kwenye zile pete za fimbo, pete ya mwisho kabisa kule kwenye ncha ikawa na duara la barafu kama shanga, mshipi haupiti. Nikawa natumbukiza ncha ya fimbo ziwani ili iyeyuke, natoa, inaganda tena. Katikati ya hayo samaki akala, mkubwa, nilimuona pembeni ya boti tumbo jeupe limelala juu ya maji, mwenzangu ananyoosha wavu, yule samaki akatikisa kichwa mara moja tu na ndoana ikachomoka. Nilikaa chini nikanyamaza. Iliniuma mpaka nikafika nyumbani.

MAMA IMANI: Pole mdogo wangu. Na sababu ni kwamba bredi karibu haivutiki kabisa. Kwenye boti inayotembea, samaki akipiga kichwa hakuna kitu cha kumpokea, ule mpigo wote unaenda kwenye ndoana na ndoana inapanua tundu kwenye mdomo wake. Nailoni inavutika, inampokea kama mkono. Ndo maana mimi Novemba na Aprili naweka nailoni ya paundi 10 au 12 kwenye fimbo zote, haina ujanja, na haibebi maji kama bredi. Ubaya wake baridi inaifanya ngumu, inajikunja kama waya, basi kila vuli mapema naivua yote naweka mpya. Ni dola chache hizo usizionee uchungu.

SELE: Wengine wanasema tumia bredi ila uweke fimbo laini na uache breki ya rili ilegee, afu mbele uunge flurokaboni, ule mshipi usioonekana sana majini, kama futi 6.

MAMA IMANI: Inafanya kazi, siwapingi. Ila vile vibao vya pembeni vinavyoupeleka mshipi mbali na boti, koleo lake linateleza kwenye bredi, inabidi uwe na koleo maalum au uzungushe mshipi mara mbili, na usiku na vidole vimekufa ganzi hiyo ni kazi. Na vibao usiviache, maana huu msimu wolai wanakuja karibu na ufukwe na juu juu, boti ikipita juu yao wanatawanyika. Kuhusu mshipi wenye risasi ndani, ule wa rangi rangi kila yadi 10, mzuri, lakini huu sio wakati wake kwangu, samaki hawako huko chini.

SELE: Haya, sasa mshipi tumefunga. Boksi lifunguliwe.

MAMA IMANI: Tufungue. Kwanza ujue anakula nini. Kuna dagaa fulani mkubwa huku wanamwita shadi, ana tumbo pana, na huyu baridi haimpendi, maji yakishuka sana anakuwa mlegevu, anaogelea kama mgonjwa, wengine wanakufa kabisa. Wolai jike saa hizi anajenga mayai, atataga masika huko mto Maumee na Sandusky au kwenye miamba, kwa hiyo anahitaji kula vizuri ila mwili wake umepoa hataki kukimbiza. Kwa hiyo anachotafuta ni kitu kinono kinachokwenda taratibu. Kule Kigoma mgebuka anafata dagaa kwenye taa na wavuvi wanamfata yeye, hapa ni hivo hivo, fata chakula.

SELE: Kwa hiyo mwembamba mrefu.

MAMA IMANI: Mwembamba, mrefu, anayetikisika kidogo. Mimi naanza na wa aina ya Husky Jerk saizi kubwa, au Perfect 10, kwa sababu hata ukienda pole pole bado anaishi, na Husky Jerk ukisimamisha anabaki pale pale kwenye maji, haelei haraka wala hazami. Yule wa kiangazi anayecheza kwa fujo tumbo huku na huku, mweke pembeni kwanza. Mwendo wangu ni maili 1 mpaka 1.4 kwa saa, maji yakiwa baridi zaidi nashuka hata 0.8. Mtu anayekimbia 2 na kitu huyo yuko Julai.

SELE: Lakini hawa wembamba wenyewe hawazami sana.

MAMA IMANI: Ndo hapo chubwi inapoingia. Toa mshipi futi 50, bana chubwi kwa kile kibanio kwenye mshipi, toa futi 50 nyingine, afu weka kibao. Sasa sikiliza vizuri hapa maana watu wanachanganya. Samaki mwenye ulimi wa kuzama, ukiongeza au ukipunguza mwendo kina chake hakibadiliki sana. Chubwi inabadilika, ukipunguza inashuka, ukikimbia inapanda. Kwa hiyo ukikata kona, kibao cha ndani kinapunguza mwendo, chambo kinashuka, kibao cha nje kinaongeza. Angalia samaki anapiga upande gani kwenye kona. Akipiga wa ndani mara mbili mfululizo anakwambia punguza mwendo, mimi hapo napunguza bila kubishana naye.

SELE: Hiyo mimi nimeiona kwa macho yangu. Rangi je, maana watu watatuuliza tu.

MAMA IMANI: Jicho la wolai linaona vizuri kijani na machungwa. Upepo ukivuruga maji yakawa kama chai ya maziwa, weka hizo, kijani ya kung'aa na machungwa. Maji safi, fedha na zambarau na bluu. Usiku mimi zambarau, basi. Ila kitu cha maana zaidi ya rangi ni kile kibanio unachofungia samaki bandia, kiwe kidogo na cha duara mbele, usiweke suiveli, ile pete inayozunguka, nzito puani kwake, unamnyima kucheza. Na kabla hujamwachia mvute pembeni ya boti umwangalie, anatembea wima? Akienda kombo chukua koleo, pinda kile kikulabu cha puani kidogo sana kuelekea upande wa pili, jaribu tena.

SELE: Na ncha ya fimbo.

MAMA IMANI: Ncha ya fimbo, asante. Kabla hujaweka kibao, shika fimbo uiangalie ncha kwa taa ya kichwani, inatetemeka tik tik tik. Huo mtetemo ndo samaki wako anafanya kazi. Ukiacha kutetemeka, au ukiwa mzito, kuna jani. Novemba ziwa limejaa majani, jani moja kwenye ndoana na wolai hagusi. Kila baada ya dakika kama 20 mimi navuta moja moja naangalia, hata mikono ikiuma.

SELE: Na jaketi la kuokolea.

MAMA IMANI: Livaliwe, lisiwe chini ya kiti. Huku wanafundisha 1, 10, 1. Ukianguka una dakika 1 ya kutuliza pumzi, kama dakika 10 mikono bado inakutii, na kama saa 1 kabla hujapoteza fahamu kwa baridi. Zile dakika 10 huwezi kuanza kutafuta jaketi. Kwenye boti yangu asiyevaa haondoki gatini, hata awe shemeji.

SELE: Upepo unasemaje wa Jumamosi?

MAMA IMANI: Wa kusini, unatoka nchi kavu, mawimbi madogo karibu na ufukwe. Tunatoka jua likizama. We una usiku wa leo na kesho kuivua ile bredi.

SELE: Naivua leo leo. Paundi 10 au 12?

MAMA IMANI: Kumi, ili tulingane na zangu. Na ujaze rili mpaka karibu na ukingo.