Baada ya Mfupa Kutoka Ardhini

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu na wanafunzi wa jiolojia, nimeombwa nizungumzie ufadhili wa utafiti wa miamba na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika mwambani, nami ningependa kuanza na jina. Fuvu aliloligundua Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959 liliitwa Zinjanthropus boisei. Neno la kwanza limetokana na Zinji, jina la kale la pwani yetu. La pili ni la Charles Boise, mfanyabiashara aliyekuwa akigharimia uchimbaji wa akina Leakey. Aliyetoa fedha alipata nafasi yake katika sayansi mwaka uleule.

Sasa twende Tendaguru, mkoani Lindi, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, kwa michango iliyokusanywa na kamati iliyoundwa Berlin, ulichimbua zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria na mawe yaliyoishikilia. Mbung'o hawakuruhusu punda wala ng'ombe kufanya kazi, kwa hiyo kila kipande kilifika bandari ya Lindi kichwani au begani mwa mpagazi, mwendo wa siku kadhaa. Mifupa mikubwa ilivikwa plasta, na mingine ilifungashwa ndani ya vipande vya mianzi vilivyofumwa na kuzungushwa kama mkeka. Msimamizi mkuu wa vibarua alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuutoa mfupa kwenye mwamba bila kuuvunja, na ambaye Waingereza nao walimtegemea walipochimba hapo baadaye. Jina lake liliingia katika sayansi mwaka 2007, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Fedha hutambuliwa upesi. Ustadi wa mikono husubiri karibu karne nzima.

Lakini hoja yangu hasa ni hiyo mianzi. Baadhi ya mafurushi yake yalikaa Berlin miongo mingi bila kufunguliwa, kwa sababu wachangiaji walivutiwa na kuchimba na kusafirisha, ilhali kusafisha mfupa mmoja mkubwa ni kazi ya miezi, tena isiyopigwa picha za magazetini. Kiunzi kile maarufu cha dinosaria wa Tendaguru kilichoko Berlin, ambacho leo kina kimo cha zaidi ya mita 13, kilisimamishwa mwaka 1937, miaka 24 baada ya uchimbaji kwisha. Hali haikuwa tofauti Laetoli, kaskazini mwa Tanzania: nyayo za jamaa wa kale wa binadamu zilichimbuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, zikafukiwa ili zihifadhiwe, kisha mizizi ya migunga ikaanza kuzitishia, ikabidi zitafutwe fedha nyingine, safari hii kupitia Taasisi ya Uhifadhi ya Getty, ili zifukuliwe, zitibiwe na kufukiwa upya kwa utaratibu bora.

Mimi mwenyewe niliwahi kufungua droo katika ghala moja ambalo sitalitaja, nikakuta meno ya mamba wa kale yamechanganyika na taya za nguruwe, na lebo zimeliwa na mende hadi zikabaki herufi mbili tatu. Meno yalikuwa mazima kabisa. Kilichopotea ni habari ya tabaka la mwamba yalikotoka, na jino lisilojulikana tabaka lake, kwa mwanajiolojia, ni kokoto tu.

Kwa hiyo ninawasihi wanaoandika maandiko ya miradi wasiiweke hifadhi katika mstari wa "mengineyo". Andikeni wazi mshahara wa fundi wa kusafisha visukuku, masanduku, wino usiofutika, na gharama za ghala kwa angalau miaka 5 baada ya kambi kuvunjwa. Najua wafadhili wengi hawapendi kulipa mishahara ya kudumu, nami siwalaumu sana, kwani mradi una mwisho na fundi ana watoto wanaosoma. Hapo ndipo taasisi zetu zinapaswa kuingia: mfadhili alipie uchimbaji, fundi awe mwajiriwa wetu, na idadi ya mifupa inayotolewa ardhini kila msimu ipangwe kwa kadiri ya ile ambayo fundi huyo ataweza kuimaliza, hata kama hilo litatulazimu kuacha shimo zuri likiwa nusu.