Jinsi ya kuona mwendo wa vitu vinavyoonekana vimetulia

Haya wadau, leo tunanasa mwendo wa vitu ambavyo ukiviangalia unaapa vimetulia tuli, na tunaanza na mkubwa wao, dunia yenyewe.

Subiri jua liingie dirishani. Pale mwanga unapopiga ukutani chukua penseli uchore ukingo wake, alafu kaa dakika tano usiguse kitu. Umeona? Kama ukuta uko mita tatu hivi toka dirishani, mwanga ushahama sentimita tano sita hapo. Jua halijaenda popote, ni sisi tunazunguka, yaani aliye kwenye ikweta anazungushwa kilomita kama 1,670 kwa saa na maji yake kwenye glasi yametulia, na hapo bado safari ya kulizunguka jua, kilomita 30 hivi kila sekunde. Hatusikii kitu kwa sababu spidi haibadiliki ghafla, ni kama gari kwenye lami nzuri.

Sasa tushuke chini. Glasi mbili, maji ya moto na ya baridi, yaache yatulie, dondoshea kila moja tone la wino. Usikoroge! Ya moto inasambaa fasta, na sio mikondo tu, molekuli zake (vile vipande vidogo mno vinavyounda maji) zinakimbia zaidi.

Hapa ndo patamu, ila utahitaji hadubini. Tone la maziwa kwenye maji mengi, chukua kidogo weka kwenye kioo, funika na kile kioo chembamba, pakaa mafuta ya mgando pembeni hewa isiingie. Kuza mara 400, punguza mwanga (wengi wanausahau huu mwanga alafu wanasema hawaoni kitu). Ukiona vyote vinaelea upande mmoja huo ni mkondo tu, subiri utulie. Alafu chagua kitone kimoja kidogo cha mafuta, kikodolee. Kinatetemeka, kushoto, juu, kinarudi, hakina mpango kabisa.

Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, aliona hivyo 1827 kwenye vichembe vya chavua, akajiuliza kama ni uhai, akajaribu na vumbi la mawe, nalo likacheza vilevile. Mpaka 1905 Einstein akapiga hesabu: ni molekuli za maji zinakipiga kichembe kumbo kila upande, bila usawa.

Kitone chako kiache mpaka kesho, kama hakijakauka utakikuta bado kinacheza.