Ushabiki wa Kukaa katika Mji wa Wakimbiaji

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za jioni.

Mada niliyopewa ni maisha, muziki na michezo. Kwa upana huo, hata nikiongelea bei ya ndizi Soko la Kilombero bado nitakuwa ndani ya mada. Lakini mimi nina swali moja tu: imekuwaje mji huu wa Arusha, uliojaa wakimbiaji, ukawa unalilia timu mbili za mpira za Dar es Salaam, Simba na Yanga?

Mnaoamka mapema mnawajua. Alfajiri, barabara ya Njiro au huku Sakina kuelekea Ngaramtoni, vijana wembamba wanapita kimya, unasikia viatu tu. Wanafanya mazoezi hapa kwa sababu mji umekaa mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, damu inajizoesha kubeba oksijeni zaidi, na ukishuka kwenda kushindana bondeni unajiona una mapafu ya ziada. Bodaboda anawapigia honi wampishe. Bodaboda huyo huyo mwulize habari za beki wa kushoto wa Yanga: atakueleza goti gani linamsumbua na aliumia mechi gani.

Simlaumu. Mpira unampa cha kusema. Refa kanyima penalti, kocha kachelewa kufanya mabadiliko, mshambuliaji kapewa pasi ya wazi akaangalia ndege. Simba na Yanga wakicheza Jumamosi, ubishi wake unawatosha watu mpaka Alhamisi, na Ijumaa unaanza wa mechi inayofuata. Kinyozi wangu pale Kaloleni ananyoa upande mmoja, anasimama kubisha, na mteja hawezi kuondoka na nusu kichwa. (Kicheko.) Unalipia kunyolewa, Simba unaongezewa bure.

Sasa chukueni riadha. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, anatoka mbele tangu bastola inapolia. Mazoea ya mbio zile yalikuwa ujifiche nyuma ya wenzako, usubiri mzunguko wa mwisho. Bayi hakumsubiri mtu. John Walker, mwenyeji, akamfukuza mpaka mwisho asimpate, na wote wawili wakamaliza chini ya rekodi ya dunia iliyokuwepo. Dakika 3, sekunde 32.2. Rekodi hiyo ya dunia ilikaa hadi 1979, alipoivunja Mwingereza Sebastian Coe. Kama rekodi ya michezo yenyewe ya Madola, muda ule ulikaa hadi 2022!

Haya, hapo kijiwe kitabisha nini? Unasema, "Bayi alikuwa hatari." Mwenzako anajibu, "Kweli kabisa." Kahawa inapoa, mazungumzo yamekwisha. Saa haitukaniki.

Haikuwa hivi siku zote. Sisi wa umri wangu tulikimbia na mdomo. Nasema mchakamchaka. Naona wazee wanatabasamu, na vijana wanaangalia simu. Asubuhi ya baridi ya Juni, umande mpaka magotini, kaptula ya kaki, wengi wetu peku. Kiranja anaanzisha, sisi tunaitikia, na nyuma yuko mwalimu wa zamu na fimbo yake, yeye juu ya baiskeli. Nyimbo zenyewe hazikuwa za kitoto. Vita vya Kagera viliisha 1979, lakini miaka mingi baadaye, watoto ambao hata hawakuwa wamezaliwa wakati ule walikuwa wanamzika Idi Amin kila asubuhi kabla ya kuingia darasani.

Ujanja ulikuwa kwenye kiitikio. Makocha wa leo humwambia mwanariadha anayejenga pumzi akimbie kwa mwendo ambao bado anaweza kuongea. Sisi kipimo hicho tulikuwa nacho, tena cha bure. Mwanzishaji akizidisha kasi, kiitikio kinakatika, inambidi apunguze. Na sisi wazito tuligundua mapema kwamba anayeimba kwa sauti kuliko wote hachapwi, hata akiwa wa mwisho. Nashuku baadhi ya wanasiasa wetu walilelewa mkiani mwa ule mstari. (Kicheko kirefu.)

Vikundi vya jogingi vya Jumamosi vinajaribu kuyarudisha mambo hayo: fulana za rangi moja, filimbi, spika juu ya bajaji. Nawapenda sana. Wanakimbia, wanamalizia kwenye mtori na nyama choma, na kitambi kinarudi nyumbani salama. Ila spika haikuachii nafasi. Msanii keshajiitikia mwenyewe studio. Na mji huu haujakosa midomo, ndio uliotoa wana-rap kama X Plastaz, Nako 2 Nako na Joh Makini.

Ndiyo maana Septemba 2025 nilifurahi kupita kiasi. Tokyo, mashindano ya dunia, marathoni ya wanaume. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida anayefanya mazoezi hapa hapa kwetu, anaingia mita za mwisho akiwa nyuma ya Mjerumani, Amanal Petros. Huku ni usiku wa manane, vibanda umiza vimefungwa, mji mzima unakoroma. Wote wawili wanaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na inabidi picha iamue. Simbu, kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Lakini mimi kilichonifurahisha zaidi ni pale Kaloleni. Kinyozi kashika simu badala ya mashine, anarudisha video nyuma, anaisimamisha. Mmoja anaapa kwamba kichwa cha Mjerumani kilishavuka. Mwingine anasema kichwa hakihesabiwi, na huyo ndiye aliyekuwa sahihi: sheria inaangalia kiwiliwili, haijali kichwa, shingo, mikono wala miguu. Basi mzee mmoja aliyekuwa kimya kwenye benchi, mwenye mwili wake, akauliza: kama ni kiwiliwili, kitambi nacho si kinahesabiwa?

Ubishi ulikwenda mpaka jioni. Wengine wanasema kitambi ni faida halali, wengine wanataka kipigwe marufuku. Kama humu ukumbini yumo mwamuzi wa riadha, tukimaliza namwomba tuongozane mpaka Kaloleni. Wanamsubiri.