Mashine Iliyokataliwa na Vijana Walioiokota

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Hapa Mwanza, kila tukizungumzia muziki wa kompyuta, wazee wana lawama moja: hauna mkono wa mtu. Naiheshimu lawama hiyo, lakini siikubali.

Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma, TR-808. Wengi waliikataa kwa sababu milio yake haikufanana na ngoma halisi, na kufikia 1983 ilikuwa haitengenezwi tena. Ikauzwa mitumba kwa bei ya chini, na hapo vijana Weusi wa Marekani wakaipata. Kule Detroit, Juan Atkins na wenzake wakaitumia kujenga tekno, muziki wa dansi unaopigwa kwa mashine. Ule mshindo mzito wa chini uliowakera wataalamu ndio wao walioupenda.

Dar es Salaam walifanya vivyo hivyo bila kumwiga mtu. Wapiga mchiriku, muziki wa mitaani wa pale Dar, walichukua vinanda vidogo vya Casio, wakavichomeka kwenye spika za tarumbeta, sauti ikakwaruza, wakaitaka hivyo hivyo. Kisha ikaja singeli, mapigo yakapita 200 kwa dakika. Mkono wa mtu upo hapo, tena mkono mkaidi!

Kilichobadilika ni umbali kati ya anayesikiliza na anayetengeneza. Wazee wetu waliletewa muziki na Radio Tanzania, studio ikiwa mbali huko Dar. Waliofuata wakanunua kanda. Kijana wa Igoma hapa Mwanza leo anatengeneza biti usiku, asubuhi inalia kwenye bodaboda. Ndiyo maana anasikiliza kama fundi: besi imekaa wapi, kwa nini ngoma imekatwa pale. Mzee alisikiliza maneno kwanza. Yote mawili ni masikio mazima.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo roho inaniuma. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, hushindana pale Bujora, Kisesa, siku za sherehe ya Bulabo mwezi Juni. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na watu huhama kutoka huku kwenda kule. Aliyevuta umati ndiye mshindi. Niambieni, DJ anafanya kazi gani tofauti na hiyo? Tumekuwa na wasikilizaji wanaohukumu kwa miguu tangu kabla ya umeme.

Lakini fungua programu yoyote ya kutengenezea biti: mlio wa 808 umo tayari. Ngoma ya Kisukuma utaitafuta sana. Hakuna wa kutuwekea isipokuwa sisi. Vijana wenye studio, nendeni Kisesa na vinasa sauti. Ombeni ruhusa, walipeni wapigaji, rekodini kila ngoma pigo moja moja, kwa nguvu na kwa upole, ukingoni na katikati. Na ninyi wazee, wakija na kompyuta zao msiwafukuze. Kaeni nao, muwaambie pigo lipi limekosewa.

Tutasikiliza biti tatu, halafu maswali. Wazee mtaanza.