Mchore Mtu Anayerusha Jiwe, Uuone Mkono Wako

Karibuni mezani. Leo tunachora mtu mmoja tu. Anarusha jiwe, na tutamchora mara nyingi mpaka bega lichoke. Nimechagua kitendo kimoja makusudi, kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mtindo wangu nitaupataje?

Mimi niliutafuta pabaya. Kwa miaka kadhaa niliiga mkono wa mchoraji niliyempenda mno: macho makubwa, shingo ndefu, miguu myembamba. Mtu wangu akisimama alipendeza. Nikitaka akimbie, alikauka kama mti. Nilikuwa nimeazima sura ya mistari yake, na sababu za mistari hiyo alibaki nazo mwenyewe. Ndipo nikaanza kuchora watu wasiotulia. Mtu akitembea, akigeuka, akiruka, hupati nafasi ya kuigiza mkono wa mwingine. Unanasa unachokiona cha muhimu, mengine yanakupita. Huko kunasa na kuacha ndiko tunakokutafuta leo.

Andaa karatasi nyingi za kawaida, kubwa kiasi, ukubwa wa A3 ukiweza. Penseli laini, 4B au 6B, au kipande cha mkaa. Simu ya kuhesabu muda. Kifutio kiweke chumba kingine. Tena simama, au kaa mbali kidogo na ubao wako, ili mstari utoke begani. Tazama mkono wangu hapa: kifundo hakichezi, mkono mzima unasafiri.

Kabla hujagusa penseli, rusha wewe mwenyewe. Inuka, shika jiwe la kufikirika, rusha polepole mara tano. Kama unatumia mkono wa kulia, uzito unaanza kwenye mguu wa kulia, ulio nyuma. Mguu wa kushoto unapiga hatua mbele. Nyonga zinageuka. Mabega yanafuata, kisha kiwiko, na kiganja kinafika mwisho kabisa, kama ncha ya mjeledi. Rudia, lakini safari hii simama katikati. Kuna kitambo ambapo nyonga zimeshaelekea mbele na kifua bado kiko pembeni. Mwili umejisokota kama nguo inayokamuliwa. Umeuhisi huo mvuto ubavuni? Wengi hukimbilia kuchora jiwe likiachiliwa. Mimi nakushauri uanzie hapa kwenye msokoto, maana nguvu yote imejaa humu na bado haijatoka.

Sasa mwombe ndugu au rafiki arudierudie kitendo hicho mbele yako. Ukikosa mtu, jirekodi kwa simu na uiache video izunguke bila kuisimamisha.

Karatasi ya kwanza ni ya mstari mmoja tu kwa kila mtu. Anzia kwenye kisigino cha nyuma, pandisha kupitia nyonga na mgongo, umalizie kichwani. Kabla ya kurusha, mstari huu ni upinde uliovutwa: kifua kimetangulia, kichwa na mkono vimebaki nyuma. Baada ya kurusha, upinde umegeukia upande wa pili. Mgongo umeinama na mkono umeshuka mbele. Chora kila mstari kwa pumzi moja. Jaza ukurasa mzima. Kisha mwulize mtu asiyejua unachofanya: wapi hajarusha, wapi amesharusha? Akiweza kukuonyesha, endelea. Akisita, pinda zaidi. Woga wa kupinda ndio unaoua michoro mingi kuliko kutojua mifupa.

Ongeza vitu vitatu juu ya mstari huo: kichwa, kifua na nyonga. Kifua chora kama yai, nyonga kama kisanduku. Pitisha mstari mfupi kwenye mabega na mwingine kwenye nyonga. Mistari hii ikiwa sambamba, mtu wako amesimama anasubiri mtu. Iinamishe, kila mmoja kwa upande wake. Utaona ubavu mmoja umebanwa na wa pili umevutika. Ubavu uliobanwa upe mistari mifupi, ya kukatika. Uliovutika upe mstari mmoja mrefu usiokatika. Kwa tofauti hiyo tu, mwili unaanza kupumua.

Uzito je? Teremsha kwa macho mstari wima kutoka kwenye shimo la koo. Mtu aliyesimama kwa mguu mmoja, mstari huo unashuka karibu na unyayo wa mguu huo. Huyu wetu, akishaachilia jiwe kwa nguvu, mstari huo umeupita mguu wake wa mbele. Ndiyo maana mguu wa nyuma unakuja mbio kumdaka asianguke. Mtu wako akionekana ameganda, sogeza kichwa chake mbele zaidi.

Sasa weka saa. Sekunde 30, michoro 20. Hizo ni dakika 10. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, ila kwa zoezi hili nitawaomba radhi: haraka ndiyo inayoufungua mkono. Macho yakae kwa mtu, karatasi itazame kwa kuiba. Mchongaji sanamu wa Kifaransa, Auguste Rodin, aliwaacha watu watembee huru chumbani mwake na kuwachora bila kuondoa macho kwao. Mguu ukitoka nje ya karatasi, uache utoke. Usirudie mstari mara tatu kuulainisha. Saa ikilia, geuza karatasi hata kama mtu hana kichwa.

Hapo tu, baada ya kuchora, ndipo unaruhusiwa kuisimamisha video na kujikagua. Picha iliyoganda inajua mambo ambayo jicho halijui. Mwaka 1878 mpigapicha Eadweard Muybridge alimpiga picha farasi anayekimbia kwa kamera 12 zilizopangwa mstari mmoja. Ikaonekana kwamba miguu yote minne huwa hewani ikiwa imejikusanya chini ya tumbo, wakati wachoraji walizoea kuichora hewani ikiwa imenyooshwa mbele na nyuma. Kwa hiyo kagua. Lakini ukianza na picha iliyosimama, utachora kusimama.

Tandaza michoro yote 20 sakafuni. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na usiipitie mbio. Usitafute mzuri. Tafuta kinachojirudia. Tazama yangu: nyayo ni kubwa, karibu kila mahali. Mabega yana pembe kali. Uso haupo hata mmoja. Nimeweka tu mstari wa upande kichwa kinakoelekea. Yako yatakuwa mengine. Huenda mistari yako ni ya mviringo, au unaanza na mkono siku zote, au unakoleza kivuli mahali pamoja tu.

Sasa pima, maana si kila kinachojirudia ni cha kutunza. Nyayo zangu kubwa zinaufanya ule mguu wa mbele utue kwa kishindo, zinausaidia mrusho. Nazitunza. Ila naona pia mkono ulio mbali na sisi umekuwa mfupi katika michoro 14, hata pale uliponyooka waziwazi. Hilo halimsaidii mrushaji chochote. Ni kosa la mazoea, na dawa yake ni kupima: mkono ukining'inia, ncha za vidole hufika karibu katikati ya paja. Chagua mambo mawili ya kutunza na moja la kurekebisha. Matatu tu.

Chora tena michoro mitatu, dakika 5 kila mmoja. Wa kwanza, kuza yale mawili kidogo. Wa pili, kuza mpaka mtu aharibike: nyayo kama mitumbwi, mabega kama paa la nyumba. Wa tatu, rudi nyuma hatua moja. Tazama huu wa tatu. Usingenijia kichwani bila ule ulioharibika.

Kesho badilisha kitendo, mchore mtu anayevuta kamba. Sasa upinde unaegemea nyuma na visigino vinachimba ardhi. Usijilazimishe kukumbuka ya leo. Hii hapa ya kwangu, sekunde 30: pembe za mabega zimelainika zenyewe, maana mikono inavutwa mbele, lakini nyayo ni zilezile, na uso bado sijauchora.

Saa iko tayari. Mwambie mwenzako ashike jiwe lake, na wewe geuza karatasi mpya.