Heshima Iliyokaa Mkiani mwa Neno

Walio nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Asanteni.

Leo tunazungumzia heshima katika Kilithuania, lugha ya watu wa Lithuania. Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwezi wangu wa kwanza Lithuania nilipishana na profesa wangu kwenye ngazi za chuo, mzee wa miaka sabini hivi, kofia mkononi. Nikajikakamua: "Sveikas, profesoriau!" Ile "profesoriau", umbo la kumwitia profesa, nilikuwa nimekesha nayo. Mzee akasimama, akanitazama, akajibu polepole kama anayemsomesha mtoto: "Laba diena." Akashuka zake.

Lile gumu nilikuwa nimelipatia. Nilichoharibu ni salamu. "Sveikas" huambiwa mwanamume mmoja mliyezoeana. Kumpa profesa ni sawa na kumwamkia babu yako "mambo vipi". Ningesema "sveiki", kwa wingi, ingekuwa afadhali. "Laba diena", salamu ya mchana, haimkwazi mtu.

Kiini cha jambo ni maneno mawili, tu na jūs (hilo la pili litamkeni "yuus"). Tu ni wewe. Jūs ni ninyi, lakini huambiwa pia mtu mmoja unayemheshimu au usiyemjua, na kwenye barua huandikwa kwa herufi kubwa. Najua kuna anayetaka kuuliza: si uliache tu neno lenyewe? Linaachwa, tena mara nyingi, kama sisi tunavyosema "unakwenda wapi" bila "wewe". Lakini sisi nafsi tunaitanguliza, u-nakwenda. Wao wameitia mkiani. "Kur eini?" ni unakwenda wapi, kwa rafiki. "Kur einate?" ni swali lilelile kwa mtu wa heshima. Huwezi kumaliza kitenzi kabla hujaamua huyu ni nani kwako. Wageni wengi hujificha nyuma ya "ar galima?", yaani "inawezekana?", kwa sababu ndani yake hamna mtu. Mimi nilinunua mkate miezi miwili kwa maneno hayo na kidole.

Kutoka jūs kwenda tu hakuparamiwi. Mmoja husema "Gal pereikime prie tu?", labda tuhamie kwenye tu, na kwa kawaida anayetoa ruhusa hiyo ni mkubwa kwa umri au cheo. Lakini Mungu ni tu. Baba Yetu yao inaanza "Tėve mūsų, kuris esi danguje", na hiyo "esi" ni ya wewe, kama "uliye" yetu. Karani wa benki ndiye wa kuambiwa jūs.

Sasa majina. Mtu anaitwa Jonas unapomsimulia, unapomwita anakuwa "Jonai!" Eglė anakuwa "Egle". Darius, "Dariau". Kuna umbo maalumu la kuitia, linaitwa šauksmininkas, kutokana na kitenzi cha kuita. Mimi Salim walinibandika mkia wa kiume nikawa Salimas, na kwa kuitwa, Salimai. Siku ya kwanza niligeuka nyuma kumtafuta huyo Salimai. Majina ya ukoo ya wanawake yanahitaji jioni yake: -ienė kwa aliyeolewa, -aitė na wenzake kwa binti, na tangu 2003 mwanamke anaruhusiwa kutumia -ė peke yake, isiyomtangazia mtu ndoa yake.

Hapa wazee mtanielewa haraka kuliko vijana. Mnakumbuka baada ya Azimio la Arusha, 1967, jinsi "Bwana" alivyompisha "Ndugu" maofisini? Lithuania chini ya Wasovieti "ponas" na "ponia", bwana na bibi, viliondolewa kwenye lugha ya ofisi, likaja "drauge". Neno lenyewe halina ubaya: draugas ni rafiki, ndivyo mtoto anavyomwita mwenzake wa kucheza naye hadi leo. Ila Ndugu yetu tulijichagulia wenyewe. Rafiki yao aliletwa. Baada ya uhuru kurejeshwa, Machi 11, 1990, ponas na ponia wakarudi. Kuna na "tamsta", neno la adabu lililotokana na "tavo mylista", neema yako, ambalo huandamana na kitenzi cha tu. Mimi nalipenda sana, kwa kuwa linaheshimu bila kusukuma mtu mbali. Bahati mbaya siku hizi lina harufu ya kabati la babu.

Mnaniuliza kama wana undugu wa mdomoni kama sisi, wa shangazi na mjomba kwa usiowajua. Upo. Watoto humwita mtu mzima wasiyemjua "dėde", mjomba, au "teta", shangazi. Na wazee wana la kwao.

Yule mama wa mkate, soko la Halės, Vilnius, kitambaa kichwani, alichoka na kidole changu. Asubuhi moja akaniinamia juu ya meza: "Ko nori, vaikeli?" Unataka nini, kitoto changu. Nori, ya tu. Nikavuta pumzi, nikasema, "Ar turite juodos duonos?" Mnao mkate mweusi? Turite, ya jūs. Yeye ananishusha, mimi nampandisha, na wote tuko sawa, kama shikamoo na marahaba.

Alikuwa nao. Akanikatia nusu, akaniongezea kipande cha pembeni, kile kigumu, bure.